Lugha ya Watabiri wa Hali ya Hewa: Mwisho wa Majira ya Joto Mjini Chicago

Wahakiki wetu wamezoea kuitafuta fasihi-simulizi penye moto wa jioni, penye ngoma, au penye kinywa cha mzee. Hatusemi kwamba wamekosea. Hata hivyo, uko utungo mmoja ambao husemwa kwa sauti kila siku, kwa saa maalumu, mbele ya hadhira ambayo mtambaji wa ngano hakupata kuiota, na ambao sijaona ukihakikiwa ipasavyo katika lugha yetu. Utungo huo ni utabiri wa hali ya hewa. Una mtambaji wake, una fomula zake za kufungulia na kufungia, una hadhira inayomsifu mtambaji leo na kumtukana kesho. Na zaidi ya yote, ni utungo ambao ukikosea, au ukieleweka vibaya, watu huweza kufa.

Katika makala haya nakusudia kuuchunguza utungo huo katika jiji moja tu, yaani Chicago, na hasa katika siku za mwisho wa majira ya joto, Agosti hadi mapema Septemba. Nimelichagua jiji hilo kwa sababu huko mtabiri ni mtu ajulikanaye mitaani kama mwimbaji wa taarabu ajulikanavyo Mombasa, na kwa sababu historia ya maneno yake imeandikwa kwa urefu.

Msamiati wenyewe unatupiga mwereka mlangoni. Kamusi zetu hutuambia kwamba majira hayo ni “kiangazi”. Lakini kiangazi ni neno la mwanga na ukavu: mbingu iko wazi, majani yanakauka, mkulima anangoja. Chicago haiko hivyo. Agosti huko ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi zaidi mwakani, wastani wake ukipita milimita 100, na mvua yenyewe huja kwa radi, mara nyingi jioni au usiku. Anayesoma “mwisho wa kiangazi” akiwa Malindi hudhani kwamba mvua iliyongojwa kwa muda mrefu i karibu kunyesha. Kumbe huko mvua ilikuwako tangu mwanzo, na kinachokwisha ni joto. Tena, kwa mtu wa pwani yetu Agosti ni kipupwe na upepo wa kusi, na kwa mtu wa Limuru ni mwezi wa sweta na makaa. Joto la Agosti kwetu ni taswira iliyopinduliwa miguu juu. Kwa hiyo nitasema “majira ya joto”, ingawa ni maneno matatu mahali pa moja, na ingawa wapo wenzetu watakaoona kwamba ninapoteza bure neno zuri.

Hata mwisho wenyewe si mmoja. Wanasayansi wa hewa hufunga daftari la majira tarehe 31 Agosti. Kalenda ya jua huyaendeleza hadi tarehe 22 au 23 Septemba. Waogeleaji na watoto wa shule huhesabu Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu ya wafanyakazi. Mtabiri hodari huzitumia hesabu zote tatu, akicheza na huzuni ya hadhira yake. Na mtabiri akiongeza “siku za mbwa”, jina la kale la joto la Julai na Agosti linalotokana na nyota Sirius, mnajimu wa zamani huwa ameingia studioni bila kupiga hodi.

Ziwa Michigan nalo ni mhusika mkuu. Adhuhuri nchi kavu inapopata moto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mtaa wa ufukoni hupoa huku mtaa wa magharibi ukiendelea kuungua. Kutokana na hali hiyo imezaliwa fomula ambayo kila mkazi wa Chicago anaijua kama methali: kwamba karibu na ziwa patapoa kidogo. Msomaji wa Kisumu ataelewa upesi. Msomaji wa Lamu atatukumbusha kwamba wavuvi wana majina kamili ya pepo za namna hii, umande utokao barani na matlai utokao upande wa mawio. Tunayo mali hiyo, lakini taarifa zetu za redio hazina habari nayo. Kwao kila upepo ni “upepo mkali” au “upepo wa wastani”.

Sasa tulitazame neno “tabiri” lenyewe. Limetoka katika Kiarabu, ambamo shina lake hutumika kwa kufasiri ndoto. Kiswahili kimelisogeza kutoka kufasiri hadi kuagua yajayo, na harufu ya ubani haijalitoka. Waingereza walipambana na jambo hilohilo. Robert FitzRoy alipoanza kutoa taarifa za hali ya hewa kwa umma katika gazeti la The Times mwezi Agosti 1861, alichagua neno jipya kwa makusudi, akikataa yale yenye maana ya unabii, kwa kuwa alitaka watu waelewe kwamba anatoa rai iliyotokana na vipimo na hesabu. Marekani nako Cleveland Abbe, aliyeanza kazi hii Cincinnati mwaka 1869, aliziita taarifa zake “mambo yanayoyumkinika”, hata wananchi wakampachika jina la utani la Mzee Yamkini. Baadaye idara ya serikali iliacha neno hilo ikatumia “dalili”, kisha mwishoni mwa miaka ya 1880 ikachukua lile la FitzRoy. Ni safari ya kutoka yamkini hadi dalili, na kutoka dalili hadi rai ya hesabu. Sisi tulianza na kumaliza na mfasiri wa ndoto, na sidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Mkulima anaposema kwamba “watabiri ni waongo”, anawapima kwa kipimo cha neno tuliloliweka sisi wenyewe kinywani mwao.

Yamkini ilirudi kwa mlango wa nyuma. Tangu katikati ya miaka ya 1960 taarifa za Marekani zimetaja uwezekano wa mvua kwa asilimia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 na Gerd Gigerenzer na wenzake uliwauliza watu wa miji mitano maana ya kusema kwamba kesho kuna uwezekano wa mvua wa asilimia 30. Katika New York peke yake ndiko walio wengi walikojibu sawasawa, kwamba katika siku zilizo kama kesho, tatu kwa kila kumi hupata mvua. Katika Amsterdam, Athens, Berlin na Milan, wengi walifikiri ni asilimia 30 ya saa za siku au asilimia 30 ya eneo. Kiswahili kingejibuje? Tunacho kiambishi -ta-, ambacho hakijui shaka. Tunayo pia “huenda”, kitenzi cha mwendo kilichoacha kutembea kikawa kielezi cha mashaka, na “yamkini”, na “inatazamiwa”. Mtangazaji wetu husema “mvua itanyesha sehemu za Nyanza”, na lisiponyesha hata tone, -ta- yake inabaki imesimama uchi. Wazee wa pwani walilitatua tatizo hili zamani kwa “inshallah”, lakini hilo halina asilimia.

Tuje kwa watambaji. Katika miaka ya 1950 na 1960 jiji la Chicago lilimpenda P. J. Hoff, aliyechora vibonzo vya hali ya hewa kwa mkono wake mbele ya kamera. Katika miaka ya 1970 alikuwako John Coleman, wa mtindo wa maongezi ya furaha studioni, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kituo cha televisheni kilichohusu hali ya hewa tu, mwaka 1982. Alikuwako pia Harry Volkman, aliyefika Chicago mwaka 1959 na kudumu katika vituo vyake mbalimbali zaidi ya miaka arobaini. Kisha akaja Tom Skilling wa kituo cha WGN, aliyeanza mwaka 1978 na kustaafu tarehe 28 Februari 2024.

Hoff ni mtambaji wa ngano za wanyama: anga linakuwa kikaragosi, hadhira inacheka, na hoja inapita ndani ya kicheko. Skilling ni kinyume chake. Yeye hakuridhika kusema kwamba kesho kutakuwa na joto. Alieleza mkondo wa upepo wa juu umejipinda wapi, unyevu umetoka Ghuba gani, na kwa nini. Alijibu maswali ya wasomaji gazetini kama mwalimu wa jioni. Wapo waliomwona mrefu mno, na kwa kweli mtu anayetaka kujua kama achukue mwavuli alilazimika kuvumilia ramani nyingi. Hata hivyo namwona Skilling kuwa mtunzi mkubwa kuliko wenziwe, kwa sababu moja: mtabiri anayetaja sababu anaiwezesha hadhira kumhukumu. Akikosea, msikilizaji anajua ni kiungo gani kilichokatika. Mtabiri wa kibonzo akikosea, amekosea tu, na kesho atachora kingine.

Mfano mdogo wa fani hii ni usemi “jasho la mahindi”, uliopata kuenea sana katika taarifa za Agosti za miaka hii ya karibuni. Magharibi ya Chicago kuna mashamba ya mahindi yasiyokwisha, na ekari moja ya mahindi huweza kutoa hewani lita kati ya 11,400 na 15,100 za maji kwa siku. Unyevu huo husogea mjini na kuongeza uzito wa joto. Istiari hii ni ya kweli kisayansi, ni fupi, na inamkumbusha mkazi wa ghorofani kwamba anapumua pumzi ya shamba. Nimeipenda kwa kuwa haikutungwa kwa ajili ya urembo. Mtu wa Kitale angeweza kuitunga, na nashangaa kwamba hakuitunga.

Lakini kazi nzito ya mtabiri ni onyo, na hapo ndipo uteuzi wa maneno huacha kuwa suala la ladha. Tangu miaka ya 1880 hadi 1938 watabiri wa serikali ya Marekani walikatazwa kulitumia neno “tornado” katika taarifa zao. Iliogopwa kwamba neno lingeleta taharuki kubwa kuliko upepo wenyewe. Hii ni tafsida, aina ileile tunayowafundisha wanafunzi katika somo la tamathali. Tofauti ni kwamba hapa mtu alistahiwa hadi paa likamwangukia. Hata baada ya katazo kuondolewa, ulimi uliendelea kuwa mzito kwa miaka mingine zaidi ya kumi. Volkman anasifiwa kuwa mmoja wa wa kwanza kulitamka onyo hilo katika televisheni, alipokuwa bado Oklahoma City mwaka 1952. Ukimtazama kwa jicho hilo, yule bwana mpole aliyevaa ua kifuani alikuwa mvunja mwiko.

Mwiko wa neno ulikuwa umekwisha kuondoka kitambo, lakini tarehe 28 Agosti 1990 ukimya wa namna nyingine uliwaua watu karibu na Chicago. Alasiri hiyo tornado ya daraja la juu kabisa ilipiga Plainfield na jirani zake, kusini-magharibi ya jiji. Watu 29 walikufa na wapatao 350 wakajeruhiwa. Mpaka leo ni tornado ya pekee ya daraja hilo iliyopata kurekodiwa Marekani katika mwezi wa Agosti. Ilikuwa imejifunika mvua, isionekane umbo lake lijulikanalo la faneli. Tahadhari ya dhoruba kali ya radi ilikuwa imetolewa. Onyo la tornado halikutolewa mpaka ilipokwisha kupiga. Siandiki haya ili kuwalaumu wafanyakazi wa siku ile, ambao vyombo vyao havikuwa kama vya leo. Ninachotaka kionekane ni kwamba hadhira haikukosa taarifa; ilikosa neno moja. Dhoruba ya radi mwishoni mwa Agosti ni jambo la kila juma, na mtu huendelea na mazoezi ya mpira. Nguvu ya onyo haikai katika sauti wala katika wingi wa vivumishi. Inakaa katika nomino.

Nomino nyingine ilipata umaarufu tarehe 10 Agosti 2020, wakati ukuta wa upepo ulipotoka magharibi, ukaangusha mahindi ya Iowa, ukasafiri kama kilomita 1,240 kwa muda wa saa 14 hivi, na kuifikia Chicago, ambako tornado ndogo ilishuka katika mtaa wa Rogers Park na kuishia ziwani. Watabiri waliuita “derecho”, neno la Kihispania lenye maana ya kunyooka, lililoteuliwa na Gustavus Hinrichs wa Iowa mwaka 1888 ili kuutenga upepo unyookao na upepo uzungukao. Lilisahauliwa karibu karne nzima kabla ya kufufuliwa. Kwa bahati, silabi zake zote ni wazi, na linaweza kuingia katika Kiswahili bila hata kuvua viatu. Sisi upande wetu tuna “dhoruba”, “tufani”, “kimbunga”, “chamchela” na “kisulisuli”, na magazeti yetu huyamwaga yote katika chungu kimoja. Kimbunga cha baharini chenye upana wa kilomita mamia na tornado yenye upana wa uwanja wa mpira vinaitwa jina moja. Chamchela, neno la upepo uzungukao, limeachwa livumishe vumbi uani.

Hapa inafaa nijipinge mwenyewe, kwa maana msomaji makini amekwisha kuona udhaifu wa hoja yangu. Mwezi wa Julai 1995, kabla ya mwisho wa majira, joto liliingia Chicago na kufikia nyuzi 41 za sentigredi. Utabiri ulikuwa sahihi. Maonyo yalitolewa mapema, kwa maneno ya wazi. Hata hivyo, katika juma moja watu wapatao 739 walikufa zaidi ya idadi ya kawaida. Eric Klinenberg, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu msiba huo, alizilinganisha sehemu mbili zinazopakana, North Lawndale na South Lawndale. Zote zilikuwa na wazee maskini waishio peke yao. Ya kwanza ilipoteza watu wengi zaidi kwa kadiri kubwa. Ya pili, ambayo wakazi wake wengi husema Kihispania, ilikuwa na maduka yaliyo wazi, watu wanaotembea njiani, na wazee wasioogopa kutoka nje kwenda kukaa mahali penye ubaridi. Basi wale ambao pengine hawakumsikia mtabiri wa Kiingereza vizuri ndio waliopona zaidi. Neno sahihi lililotamkwa kwa wakati halikumfikia mzee aliyejifungia ndani, wala halikumfungulia dirisha.

Nimeligeuza jambo hili mara nyingi, na sioni kwamba linaiua hoja. Linaipunguza kimo. Utungo wa onyo, kama wimbo wa kazi, hauna uhai nje ya watu wanaouitikia. Mtabiri huanzisha, na mtaa ndio kiitikio. Penye kiitikio, hata onyo lililosikika nusu hutosha. Pasipo na kiitikio, fasaha yote ni kelele ya kisanduku chumbani. Lakini hili halitupi ruhusa ya kuanzisha vibaya.

Suala hili si la mbali nasi. Upande wa kaskazini wa Chicago wamo wakimbizi waliopewa makao kutoka mashariki ya Kongo na Burundi, nao husema Kiswahili nyumbani. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilianza kutumia mashine kufasiri taarifa zake kwa Kihispania na Kichina, kisha Kivietinamu, Kifaransa na Kisamoa. Kazi hiyo ilisimamishwa Aprili 2025 mkataba ulipomalizika, halafu ikarejeshwa mwishoni mwa mwezi huohuo. Kiswahili hakikuwamo katika orodha. Kwa hiyo mfasiri wa familia hizo ni mtoto wa shule, na mtoto hufasiri neno kwa neno.

Kuhusu joto, mtoto huyo hana taabu ya kukosa neno, ana taabu ya kufundishwa neno pungufu. Tangu kazi ya Robert Steadman ya mwaka 1979, watabiri wa huko hutaja kipimo kinachounganisha joto na unyevu, yaani joto jinsi mwili unavyolihisi. Tarehe 24 Agosti 2023 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa O'Hare kilifika nyuzi 38, mara ya kwanza tangu 2012, lakini walioteseka waliteswa na unyevu zaidi ya nyuzi. Wafasiri wetu huandika “fahirisi ya joto”, istilahi ambayo haimtoi mtu jasho. Kumbe “fukuto” lipo, nalo tangu zamani lina maana ya joto la unyevu lisilo na upepo. Kipimo cha fukuto: mama yeyote wa Mombasa angeelewa mwezi wa Machi. Mwaka 2025 idara hiyo ilibadilisha jina la onyo lake la joto, kutoka joto lililopita kiasi kuwa joto lililokithiri. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni ya wenye kamusi tu. Ningependelea “fukuto la hatari”.

Liko pia neno linalomwambia msikilizaji kwamba hali za kuleta tornado zipo, ingawa tornado yenyewe bado. Kwa Kiingereza shina lake ni la kutazama. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya familia moja huko, jioni ya mwisho wa Agosti, wakati neno hilo lilipopita chini ya kioo cha televisheni. Kijana wa nyumba alilisoma na kuwafasiria wakubwa wake: kuangalia tornado. Mama yake, mtu wa Bukavu, aliondoka kwenye kiti akaenda dirishani, akavuta pazia, akatazama juu. Kisha akanigeukia: “Mwalimu, banasema tuangalie nini?”

Mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania imejitahidi kuliko sisi katika jambo hili; imepanga ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na huzitumia bila kuzichanganya, wakati vyombo vyetu bado hubadilishana “onyo” na “tahadhari” kwa ajili ya kuepuka kurudia neno. Mpango huo nausifu. Lakini “angalizo” limejengwa juu ya kitenzi kilekile kilichompeleka yule mama dirishani, na kwa tornado dirisha ndilo mahali pabaya kuliko pote nyumbani. Kwa ngazi hiyo ya kwanza, ikiwa siku moja tutaulizwa, ningependekeza “hadhari”.